Miaka ya Mama Afoyo kwenye Ufa wa Ziwa

Mwezi ule Mama Afoyo alipostaafu, nilipoteza usingizi kwa sababu ya ngazi moja ya udongo. Naita ngazi kwa kukosa neno bora: ni mahali ambapo uwanja wa shule unashuka ghafla, kiasi cha goti la mtu mzima, kisha unaendelea tambarare kama kwamba hakuna kilichotokea. Shule iko katika kijiji kimoja cha njia ya ziwa, baada ya Bogoro. Wazazi walikuwa wamekwisha kuchoma matofali, fundi alikuwa amepigilia vigingi na kufunga kamba, na kilichobaki ni karatasi ya ofisi yetu ya kusema kwamba ardhi ni nzuri. Karatasi hiyo ilikuwa inaningoja mimi. Nikisema msijenge hapa, na kumbe ngazi ile ni ukingo wa shamba la zamani, watoto watasoma chini ya bashi ya turubai msimu mwingine mzima wa mvua kwa sababu ya woga wangu. Nikisema jengeni, na kumbe chini yake ni ufa wa ardhi, basi siku moja... Sentensi hiyo sikuwahi kuimaliza. Niligeukia upande wa pili wa kitanda na kuanza tena mwanzo.

Jina langu ni Muhindo. Nina lisanse, yaani digrii, ya jiolojia na tabia ya kufikiri jambo mpaka lichakae. Wazazi wangu walitoka Butembo na biashara yao ya vitambaa wakahamia Bunia, mtaa wa Nyakasanza, na mama yangu husema kwamba hata nilipokuwa mdogo nilikuwa nauliza chai kama imeiva kabla ya kuinywa. Nilipoingia ofisini kwetu, Mama Afoyo alikuwa amefanya kazi ya matetemeko tangu kabla sijazaliwa. Alipokaribia kuondoka tulimwomba aandike miaka yake ya kazi, kwa ajili ya stajeri, vijana wa mafunzo, wanaokuja. Alicheka.

“Miye niandike nini, papa? Ardhi njo inaandika. Weye uko na kalamu, tena uko na woga mingi. Andika weye.”

“Njo” ya kwetu ni “ndiyo” au “ndipo”, na “papa” ni mimi. Kwetu mama akimpenda kijana humwita papa, hata kama kijana mwenyewe bado anatafuta ndevu. Kwa hiyo yafuatayo ni ya kwake: mengine aliniambia tukiwa njiani, mengine niliyaona mwenyewe. Vyeo vyake sivitaji kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuvitaja. Na mnaokuja nyuma yangu mtanisamehe ikiwa nitarudi mara kwa mara kwenye ile ngazi. Nilikuwa nayapitia maisha yake ya kazi nikitafuta mahali ambapo alisimama nilipokuwa nimesimama mimi.

Mama Afoyo ni mzaliwa wa upande wa Mahagi, katika familia ya Wakatoliki waliolima mihogo na kuuza samaki wa ziwa. Alisomea sayansi, akapelekwa kuanza kazi kwenye kituo cha utafiti kule Kivu. Siku ya kwanza alivaa viatu vya kisigino na sketi iliyopigwa pasi, akitegemea kuonyeshwa darubini au angalau meza. Aliyempokea alikuwa Muzee Kalinda, msimamizi wa mashine za matetemeko, mtu mrefu asiyependa kusema. Alimpa taa ya mafuta.

“Kazi inaanzia hapa,” alimwambia. “Masizi.”

Siku hizo mashine haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na pipa dogo lililovingirishwa karatasi, na karatasi ilipaswa kupakwa masizi ya taa mpaka iwe nyeusi yote. Pipa likizunguka polepole, sindano nyembamba inakwaruza mstari mweupe juu ya weusi ule. Ardhi ikitulia mstari unanyooka. Ardhi ikitikisika mstari unacheza. Masizi yakiwa mazito sindano inakwama, yakiwa mepesi hakuna kinachoonekana, na ukigusa karatasi kwa kidole kabla ya kuimwagia vanishi, umefuta tetemeko la watu. Ilimchukua muda mrefu kujua kuzungusha pipa juu ya moto kwa mwendo mmoja bila kuchoma karatasi. Nywele zake zilinuka mafuta ya taa hata Jumapili. Mwenye nyumba alimopanga alimuuliza mbele ya majirani, “Mutoto ya batu, weye unatoka iniversite ao unachoma makaa?”

Tetemeko lake la kwanza akiwa kazini, alifanya kile ambacho kila mtu anafanya. Alikimbia nje akipiga kelele. Aliporudi alimkuta Muzee Kalinda amekaa palepale, macho kwenye kikombe chake cha chai.

“Umekimbia,” mzee alisema. “Sasa nani amehesabu?”

Ndipo alipofundishwa jambo ambalo na mimi nalipitisha kwenu. Tetemeko hufika mara mbili. Kwanza unasikia mshtuko wa haraka, kama lori limegonga ukuta. Kisha, baada ya muda, unakuja mtikisiko mkubwa unaoyumbisha. Ukihesabu sekunde zilizo katikati, kila sekunde moja ni kama kilomita nane kutoka pale ulipo mpaka pale ardhi ilipovunjika. Huhitaji mashine, unahitaji tu kutokimbia. Tangu siku hiyo Mama Afoyo alihesabu popote alipokuwa. Mara moja ilitokea kanisani, katikati ya mahubiri. Watu walianza kusukumana kuelekea mlangoni, padri akanyamaza, na katika kimya kile ikasikika sauti ya mwanamke mmoja kwenye benchi la tatu, tulivu kabisa: “Un, deux, trois, quatre...” Padri alimwambia baadaye kwamba alidhani amepagawa. Lakini alipoona yeye hakimbii, naye hakukimbia.

Alipohamishiwa Bunia alikuta hakuna kituo, kuna barua tu ya kusema kiwepo. Kuchagua mahali pa mashine ni kazi ya miguu. Panatakiwa mwamba mgumu, mbali na barabara kwa sababu ya malori, mbali na ng’ombe, mbali hata na miti mikubwa, maana upepo ukitikisa mti, mizizi nayo inatikisa ardhi. Aliupata mwamba kwenye kilima kimoja nje ya mji, akaanza kuchimbisha shimo la kuweka mashine. Ninyi mliokulia Ituri mnajua kilichofuata. Kwetu mtu akichimba shimo ambalo si la choo wala la kaburi, anachimba dhahabu.

“Mama, muko natafuta nini?” walimuuliza.

“Jiwe.”

“Jiwe ya namna gani?”

“Jiwe gumu tu.”

“Basi muko natuficha.”

Asubuhi iliyofuata shimo lake lilikuwa limezungukwa na mashimo mengine, na vijana wenye makarai walikuwa wameketi pembeni wakisubiri aonyeshe mfano. Hakugombana nao. Aliwashusha mmoja mmoja ndani ya shimo, akawawekea mkono juu ya mashine, akawaambia waruke, waone sindano inavyoruka pamoja nao. Vijana wale waliruka mpaka mchana. Mmoja wao ndiye mlinzi wa kituo hata leo, na shimo lake la dhahabu ndimo tunamoweka betri.

Miaka ya vita ilipofika, aliitoa mashine shimoni, akaifunga kwenye gunia la makaa na kuihifadhi kwa watu. Kabla ya kuitoa ilikuwa imekwisha kuandika mengi, kwa kuwa mashine haichagui: mlipuko, lori zito, tetemeko, vyote vinaacha alama. Mama aliwahi kunionyesha karatasi hizo. Aliweza kusema hii ni ardhi, hii si ardhi, kwa kuangalia mstari unaanzaje. Nilimuuliza kwa nini hakuzitupa zile zisizo za ardhi. Alizikunja taratibu, akazirudisha mahali pake, na mimi, ambaye huuliza kila kitu mara mbili, siku hiyo niliuliza mara moja.

Simu zilipoenea Ituri kazi yetu ilirahisika, na papo hapo ikaharibika. Tetemeko likipita watu wanapiga simu wenyewe kusema wapi na saa ngapi. Asubuhi moja Bunia ilitikisika, na mji mzima ukataja saa ileile. Kisha zikaja simu za watu wa ziwani, nao wote wakataja muda ulio saa nzima baadaye. Mashine yetu ilikuwa imezimika kwa sababu ya betri. Mama alifanya hesabu yake: matetemeko mawili, moja chini ya mji, lingine chini ya ziwa. Alasiri akaenda redioni na kusema hivyo. Watu walisikiliza kwa makini, wakahitimisha kwamba la tatu liko njiani. Jioni ile Nyakasanza nzima ilitoa magodoro barabarani, na sala zikaimbwa kwa lugha zote tulizo nazo.

Kesho yake muuza samaki mmoja, anayeshuka ziwani na kupanda kila wiki, alimkuta sokoni.

“Mama Afoyo, ile tetemeko ya pili, juu ya nini hatukuisikia siye wa njiani?”

“Ilikuwa kule ziwani.”

“Niliamkia kule ziwani. Ilikuwa moja.” Akatoa simu yake. “Lakini kule simu inakamata rezo ya Uganda. Inajipeleka mbele saa nzima. Mama hamukujua?”

Alijua. Kila mtu anajua kwamba ng’ambo ya ziwa saa ni nyingine. Alikuwa tu hajawahi kuliweka jambo hilo pamoja na tetemeko. Alikwenda moja kwa moja redioni, na maneno yake watu wazima wa mji huu bado wanayakumbuka: “Jana niliwaambia mbili. Ilikuwa moja. Kosa ni langu, si la ardhi. Rudisheni magodoro ndani.” Wanawake wa soko walimwita Mama Mbili-Mbili kwa muda mrefu. Alipita katikati yao akinunua sombe, yaani kisamvu, nao wakimuuliza kama anataka fungu moja ama anaona mawili, naye akijibu, “Nipe mbili, nilipe moja.” Baba yangu ndiye aliyenisimulia hayo kwa mara ya kwanza, nikiwa bado shule ya msingi. Alisema yeye alianza kumwamini mwanamke yule siku ile ya pili, si ile ya kwanza.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mimi ningejifungia ndani mwezi mzima.

Kutokana na kosa lile alibadilisha namna ya kuuliza. Hakuuliza tena watu saa ngapi. Aliuliza, ulikuwa unafanya nini? Saa ya simu inaweza kupotea, lakini aliyekuwa anakamua ng’ombe anajua kwamba alikuwa anakamua ng’ombe, na ng’ombe wa kijiji kizima wanakamuliwa pamoja. Nilijifunza maana yake siku yangu ya kwanza kwenda naye mashambani, upande wa Aveba, baada ya tetemeko dogo. Tetemeko likipita tunatembelea vijiji na kuuliza watu walichosikia, ili tujue lilikuwa na nguvu wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama mbele ya mzee mmoja aliyekuwa ameketi nje ya nyumba yake, nikamuuliza kwa sauti ya mtahini, “Muzee, mlisikia tetemeko kali?”

“Kali sana,” alisema. “Kitanda kiliruka.”

Nikaanza kuandika kwa furaha. Mama Afoyo akavuta kigoda.

“Muzee, asubuhi ile mulikuwa munafanya nini?”

“Nilikuwa Komanda, ku soko.”

“Na kitanda mulikionea wapi?”

“Bibi njo aliniambia.”

“Miye?” sauti ilitoka jikoni. “Miye nilikuwa ku shamba! Kitanda yako inaruka kila siku, unakoroma!”

Tulicheka wote, mzee zaidi ya sisi. Njiani Mama hakunigombeza. “Ulimupa jibu, akakurudishia. Ni mutu ya heshima. Weye uliza alikuwa anafanya nini, kisha nyamaza.” Kuuliza nilijifunza upesi. Kunyamaza bado.

Lakini kazi iliyokuwa moyoni mwake ni ufa. Kutoka Bunia mpaka Bogoro uko juu. Baada ya Bogoro barabara inaanguka, na ukiangalia mbele unaona ziwa limelala chini kama kwenye sahani. Ziwa liko pale kwa sababu kipande kile cha nchi kimekuwa kikizama tangu zamani mno, na kinazama kwa kukatika. Mahali panapokatika ndipo ufa. Mtu akisikia neno ufa anatafuta shimo lenye kutisha. Hakuna shimo. Kuna mihogo, nyasi, nyumba, mbuzi. Ufa umefunikwa.

Mama Afoyo aliufuata kwa maji. Ardhi ikivunjika, maji ya chini hupata njia ya kupanda, kwa hiyo chemchemi hujipanga juu ya ufa. Kila kijiji alichofika aliwauliza akina mama, “Kiangazi kikikaza, maji munachota wapi?” Akaenda nao, na ndoo yake mwenyewe mkononi, kwa sababu alisema ukienda kisimani bila ndoo unaonekana mtu wa serikali. Kila chemchemi aliiwekea nukta kwenye ramani. Mwaka baada ya mwaka nukta zile zilijipanga mstari. Niliiona ramani hiyo siku ya kwanza ofisini na sikuielewa. Nilidhani ni mradi wa maji.

Alikuwa na nyundo, dira, panga, na mwavuli wa maua ambao aliutumia kama fimbo, kama kipimo na kama mwavuli. Alitembea kuliko sisi vijana. Tulipofika mahali palipokuwa na ngazi ya udongo nilikuwa naruka: “Mama, ufa!” Naye alifunga mwavuli na kuanza kunihesabia. “Ng’ombe wanafanya ngazi, wakipita njia moja kila siku. Mvua inafanya ngazi. Babu ya batu walifanya ngazi, juu ya kulima. Ukimaliza hao wote, njo uulize ardhi.” Alinifundisha hivyo ili nisipayuke. Hakujua kwamba alikuwa ananiwekea mikononi, mtu kama mimi, sababu tatu za kutolala.

Sherehe ya kustaafu ilikuwa ndogo: samaki, sombe, wali, soda, na hotuba ya shefu wa ofisi iliyosahau kutaja matetemeko. Mama alinikabidhi ufunguo wa kituo, akaniambia ule mlango unavutwa juu kidogo kabla ya kusukumwa, basi. Akapanda gari la Mahagi.

Haikupita muda, direkteri wa ile shule akaja ofisini. Jina lake ni Faustin, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye viatu vyenye vumbi jekundu. Alitaka karatasi tu. Nilimwambia lazima nione. Nikaona. Kamba za fundi zilikuwa zimepita juu ya ngazi ile, vyumba vitatu upande huu na vyumba vitatu upande ule, na fundi Bosco alikuwa amepanga kuijaza udongo ili sakafu iwe sawa. Niliangalia kushoto na kulia. Ngazi iliendelea nje ya uwanja, ikavuka shamba la maharage, ikapotea kwenye nyasi.

Nilijihesabia: ng’ombe, mvua, babu za watu. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumwondoa. Nilimwambia direkteri nitarudi.

Nilimpigia Mama Afoyo. Rezo ya simu ya kwao ni mbaya, alilazimika kupanda mahali palipoinuka ili asikike.

“Umeona nini?” aliuliza.

“Mama, sijui kama ni...”

“Sikuuliza unajua nini. Umeona nini?”

Nikamweleza: urefu, mwelekeo, shamba la maharage, vigingi.

“Chemchemi iko?”

“Chini kidogo. Akina mama wanachota.”

“Basi chimba, papa.”

“Na nikichimba nisipate uhakika?”

“Utakuwa na shimo. Leo uko na nini?”

Nilitaka aseme ni ufa au si ufa. Nilitaka aje. Nilimwambia hivyo, nadhani kwa sauti ya mtoto. Akaniambia maharage yake yanahitaji palizi, na kwamba yeye akija, mwaka kesho nitampigia tena, na mwaka utakaofuata, mpaka nitakapompigia akiwa kaburini. Kisha rezo ikakatika, au yeye aliikata. Hilo pia nimelifikiria sana.

Tulichimba mtaro uliokata ngazi katikati, wa kina cha mtu kusimama. Wazazi walikuja na majembe yao, na wengine, bila aibu, walikuja na makarai.

“Injinia, ukiiona, tugawane!”

“Ya kanisa tuweke pembeni kwanza!”

“Huyu hata hapana jua kushika jembe, dhahabu ataijua wapi?”

Fundi Bosco alikaa juu ya rundo la matofali yake akitafuna muwa. “Mwenye lisanse anachimba, masoni anakaa,” alisema. “Dunia imegeuka.”

Niliposafisha ukuta wa mtaro kwa kisu, kicheko kiliendelea juu yangu lakini mimi sikukisikia tena. Kulikuwa na tabaka la udongo mweusi, udongo wa shamba la kale, lililozikwa. Upande wa mlima lilikuwa kiunoni mwangu. Upande wa ziwa tabaka lilelile, lenye vijiwe vilevile vya kijivu, lilikuwa chini ya goti. Katikati lilikatika, na mahali pa mkatiko kokoto zilikuwa zimesimama wima, kama zimevutwa na kitu kilichoshuka. Ng’ombe hawafiki huko chini. Jembe la babu halifiki. Ilibaki mvua: kilima kinaweza kuteleza chenyewe na kukata udongo namna hiyo. Kwa hiyo tulichimba mtaro wa pili, mbali, ndani ya shamba la maharage, kwa ruhusa ya mama mwenye shamba, ambaye alisimama juu yetu muda wote akihesabu mashina. Mkatiko ulikuwepo. Tabaka jeusi, kokoto wima, mwelekeo uleule. Maporomoko hupinda kama kiatu cha farasi. Mkatiko huu ulikwenda moja kwa moja kuelekea chemchemi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipata uhakika. Nilipata kiasi fulani. Ardhi ilivunjika pale, hilo niliweza kuliapia. Ilivunjika lini, wakati wa babu wa babu zetu au kabla hapajakuwa na babu, sikujua. Itavunjika tena lini, hakuna ajuaye, na mwenye kusema anajua mkimbieni. Nilisimama ndani ya mtaro na kuanza tena: labda mtaro wa tatu, labda niandikie Kinshasa, labda mwenye uzoefu aje aone. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Nyuma ya mgongo wangu, chini ya bashi, watoto walikuwa wanasoma silabi kwa sauti moja, na upepo ulipovuma bashi ilipiga kelele mpaka mwalimu akawaambia wangoje.

Nikatoka mtaroni. Niliwaita direkteri na wazazi waje waone, wanane wanane, na sikuwauliza swali lolote. Walishuka, wakaangalia, wakaweka vidole kwenye tabaka jeusi. Makelele yalipungua yenyewe.

“Hapa ardhi ilikatika,” nilisema. “Siku gani itakatika tena sijui. Inaweza kuwa baada ya watoto wa watoto wenu. Inaweza kuwa kabla ya hapo. Nyumba ikikaa juu ya mahali hapa, siku hiyo upande mmoja utashuka na mwingine utabaki. Karatasi ya mahali hapa sitatoa.”

“Injinia,” direkteri alisema polepole, “mvua iko inakuja. Matofali iko hapa. Ukisema hapana, tunafanya namna gani?”

“Tunasogea.” Nilikuwa nimekwisha kupapima asubuhi, upande wa juu, kule kwenye miti ya mikalitusi, mbali na mstari, ardhi ngumu. “Kule pia patatikisika, Direkteri, nchi yote hii inatikisika. Lakini kule hapapasuki. Na fundi ataweka mshipi wa zege na vyuma juu ya kuta zote, unaozunguka nyumba nzima.”

“Na ukiwa umekosea?” Aliyeuliza ni Bosco. Hakuwa anacheka sasa. “Tumebeba matofali yote hii bure?”

Hilo ndilo swali lililokuwa limenikesheza mwezi mzima, na kulisikia kwenye kinywa cha mtu mwingine, mchana, likiwa na sauti ya muwa ndani yake, lilikuwa dogo kuliko nilivyolizoea.

“Nikiwa nimekosea,” nilisema, “mtakuwa mmebeba matofali bure, na mimi nitakuja hapa mbele yenu kusema kosa ni langu. Mtanicheka. Watoto watakuwa wazima.”

Niliona kwamba wanangoja, na kwamba wananingoja mimi, si karatasi. Nilikwenda kwenye kigingi cha kona, nikakishika kwa mikono miwili na kukitikisa. Bosco alikuwa amekipigilia vizuri. Kilinichubua viganja kabla ya kutoka. Nilikiweka begani na kuanza kupanda kuelekea kwenye mikalitusi.

Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja niliposikia nyuma yangu nyundo inagonga kigingi kwa pembeni, inakilegeza. Direkteri Faustin alikuwa amepiga magoti kwenye kigingi cha pili.

“Bosco,” alisema bila kuinua kichwa, “acha muwa, kunja kamba.”